Bega la Dari na Mashine ya Mawimbi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao, limepigiliwa misumari mara nyingi hadi misumari imekuwa mingi kuliko mbao. Limeegemea ukuta kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya baiskeli, na mbele yake Shangazi huweka jiko lake la mkaa na birika la kahawa tangu asubuhi. Sheria ya pale ni moja tu: kahawa ikiisha, watu wanatawanyika. Wenyeji ni wale wale kila siku. Yupo Wembe, kinyozi, ambaye hajawahi kuulizwa swali akakosa jibu. Yupo Spana, fundi baiskeli, anayeongea huku mikono yake imo ndani ya gurudumu la mtu. Yupo Shangazi mwenyewe, ambaye si shangazi wa yeyote kati yao lakini anawagombeza wote kama amewalea. Na yupo Dari, mpaka rangi, ambaye asubuhi hiyo alikuja akitembea upande upande kama mtu aliyebeba ndoo isiyoonekana, mkono wa kulia ameushikilia kwa mkono wa kushoto, akakaa pembeni kabisa mwa benchi ili mtu asimguse bega.

— Haya, imetoka? Wembe akamwahi kabla hajatulia.

— Imetoka nini?

— Hiyo chokaa ya begani. Si leo ilikuwa mara ya mwisho?

— Ilikuwa ya mwisho, akasema Dari. Mara ya tatu na ya mwisho. Mashine ya mawimbi imeshafungwa kamba kwenye gari, inahamia kituo kingine. Huku kwetu hairudi mpaka mwakani.

— Inua mkono tuone.

Dari akainua. Mkono ukapanda taratibu, ukafika usawa wa kifua, ukafika usawa wa kidevu, kisha ukagoma kama punda aliyeonyeshwa maji. Akauma meno. Ukashuka wenyewe.

Hakuna aliyecheka. Shangazi akamimina kahawa kikombe kimoja, akakizungusha mkononi, akampa Dari upande wa kushoto bila kuambiwa.

Watu walimwita Dari kwa sababu miaka ishirini kazi yake ilikuwa dari tu. Kuta walipaka wengine. Yeye alikuwa juu ya jukwaa, shingo nyuma, rola juu, mkono wa kulia hewani kutwa nzima, rangi ikimdondokea kwenye nyusi. Hakuna aliyemfikia. Dari aliyoipaka yeye ulikuwa ukilala chali ukaitazama usingizi unakuja wenyewe, maana hapakuwa na mstari, hapakuwa na doa. Mwaka juzi bega likaanza kumng'ata. Kwanza jioni, kisha mchana, kisha likawa halimpi usingizi akililalia. Sasa alikuwa fundi wa chini: milango, vizingiti, miguu ya kuta. Nyumbani, balbu ikiungua, mke wake ndiye aliyepanda kwenye kigoda, naye Dari alishika kigoda kisiyumbe, akitazama sakafu.

Na leo alikuwa na jibu la kutoa. Msimamizi wake wa siku zote amepata kazi ya ukumbi mkubwa, dari pana kama uwanja, kazi inayoanza baada ya wiki kumi. Alimwambia wazi: "Nakuwekea nafasi kwa sababu ni wewe. Lakini Jumatano kabla ya saa sita nataka jibu. Kama bega litakuwa limepona, nakuandika. Kama halitapona, naandika mwingine, na huyo mwingine ndiye nitakayekwenda naye kazi zote za juu." Jumatano ndiyo leo. Saa nne ilikuwa imeshapita.

— Dada wa viungo, yule wa mashine, amesema nisivunjike moyo, Dari akawaambia. Mawimbi hayafanyi kazi siku ile ile. Yanaigonga kano, kano inashtuka, inaanza kujitengeneza polepole. Nafuu inaweza kuja baada ya wiki sita, nane, hata kumi na mbili.

— Kumi na mbili! Wembe akapiga goti. Mimba ya mbuzi haifiki mbali na hapo!

— Mimba ya mbuzi ni miezi mitano, akasema Shangazi.

— Shangazi, mimi naongea kwa mfano.

— Basi tumia mnyama unayemjua.

— Nafuu ikija wiki ya kumi, Dari akaendelea, akiongea na kikombe chake, nitakuwa nimewahi. Ukumbi unaanza wiki ya kumi. Kwa hiyo ninaweza kumwambia ndiyo. Si ninaweza?

Spana akarudi kwenye gurudumu lake. Wembe ndiye aliyeokoa, maana kinyozi akinyamaza wateja huhama.

— Kwanza tuelewane. Hiyo chokaa ilifikaje begani? Mimi nilishawaambia mkanipuuza. Miaka ishirini mkono uko juu. Mkono ukiwa juu, kwapa liko wazi. Chokaa inadondoka kutoka darini, inaingia kwapani, inapanda.

— Dada alisema si chokaa ya ukutani, akasema Dari. Mwili wenyewe umeitengeneza, ndani ya kano, kwa kazi ya kurudia rudia. Aliniambia mara mbili.

— Mwili utengeneze chokaa wenyewe! Basi mwili wangu miaka yote hii mbona haujatengeneza nywele za ziada?

Shangazi akamtazama Wembe kichwani, palipokuwa panang'aa kama sahani, akaamua kunyamaza. Ikawa huruma yake ya asubuhi hiyo.

— Mimi nina swali la kifundi, akasema Spana bila kuinua kichwa. Kabla ya kugonga walikupaka nini?

— Kitu cha baridi, laini, kama ute wa bamia.

— Nje ya ngozi?

— Nje.

— Basi hapo ndipo walipokosea. Bega ni beringi, Dari. Beringi ikikauka inalia. Umewahi kuona wapi grisi ikapakwa nje ya beringi? Mimi nikimpakia mtu grisi juu ya kifuniko ataniletea polisi. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

— Ile si grisi, ni ya kusaidia mawimbi yapite.

— Ndivyo unavyoambiwa.

— Na mashine yenyewe wameiweka wapi? Wembe akauliza. Nyuma ya pazia! Kwa nini nyuma ya pazia? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtu mwenye mashine nzuri angeiweka barabarani watu waione.

— Pazia ni kwa sababu unavua shati, Wembe.

— Mimi wateja wangu huvua mashati mchana kweupe na hakuna aliyekufa.

Dari akacheka kidogo, na kicheko kikalifikia bega, akakunja uso. Shangazi akamwongezea kahawa. Alikuwa anampenda Dari kwa namna yake. Siku aliyofiwa na mume, Dari ndiye aliyekuja kupaka chumba chake bure, dari na yote, ili akilala asiwe anatazama moshi wa miaka yao.

— Maumivu, mwanangu, hayaondoki, akasema kwa upole. Hayo mimi nayajua. Maumivu yanahama. Ukiyagonga hapa yanakwenda kule. Yakitoka begani yanashuka kwenye kiwiko. Yakigongwa kwenye kiwiko yanaingia nyongani. Yakikosa pa kwenda yanamwingia jirani. Tangu umeanza kupigwa hayo mawimbi, goti langu la kushoto halinipi raha.

— Goti lako linauma tangu mimi nikiwa na baiskeli ya magurudumu matatu, akasema Spana.

— Lakini sasa linauma kwa kugonga gonga. Tako tako tako. Maumivu ya kugongwa.

Wembe akaruka kutoka kwenye benchi kana kwamba amechomwa na msumari, na huenda ni kweli alichomwa.

— Subirini! Nimepata! Dari, leo ulikuwa mtu wa ngapi kwenye foleni?

— Wa saba.

— Na wiki iliyopita?

— Wa sita, au wa saba.

— Na ile ya kwanza?

— Wa mwisho.

— Basi! Wembe akapiga makofi. Mawimbi yale yanatengenezwa asubuhi. Yanakuwa mabichi, yana nguvu. Wa kwanza anapata yaliyoshiba. Wa pili anapata mazuri. Ikifika wa saba, bwana, unapewa makapi. Ni kama wembe: mteja wa kwanza ananyolewa, mteja wa saba anakwaruzwa.

— Kwa hiyo wewe mteja wa saba unamnyoa kwa wembe ule ule? Spana akauliza.

— Naongea kwa mfano, nimesema!

— Mimi uninyoe wa kwanza siku zote, Spana akamwambia.

— Umeme wa kule pia ni mdogo, Spana akaendelea, maana na yeye alikuwa ameshapata moto. Nyaya zile zinatoka mbali. Mawimbi yanasafiri, yanachoka njiani. Yakifika begani kwako yanaomba maji.

— Nami nawaambia jambo lingine, akasema Shangazi, na sauti yake ikashuka wakamsogelea. Tuseme ile chokaa imevunjika kweli. Imeachia. Iko wapi sasa? Imo kwenye damu. Inazunguka. Inapita moyoni, inapita kichwani, inatafuta ukuta wa kukaa. Utakuwa umepakwa chokaa ndani kwa ndani, mwanangu. Watu watakuzika mweusi nje, mweupe ndani.

— Shangazi! wakapiga kelele wote wawili.

— Haya, nimenyamaza.

Dari alikuwa hawasikilizi sana. Alikuwa anahesabu wiki kwa vidole vya mkono wa kushoto, akirudia, kama mtu anayehesabu ngazi gizani na kukuta ngazi moja haipo. Kumi na mbili huja baada ya kumi. Lakini nane huja kabla ya kumi. Dada alisema sita, nane, hata kumi na mbili. Hakusema lazima kumi na mbili. Na akasema pia kwamba muda huo ukipita bila nafuu ataandikiwa kwa daktari wa upasuaji, na hapo mkono utafungwa kifuani kwa wiki nyingi, na kurudi juu ya jukwaa ni majaliwa. Dari aliogopa kisu. Alikiogopa kuliko alivyowahi kuogopa jukwaa bovu.

— Ila nikupe sifa yako, akasema Wembe alipoona uso wa mwenzake umezama. Hukulia?

— Sikulia.

— Hata leo?

— Hata leo.

— Huyo ndiye mwanamume! Mwambie Spana tena, hakusikia vizuri siku ile.

Spana alikuwa amesikia, lakini hadithi nzuri haichoshi kurudiwa, na Dari mwenyewe asubuhi hiyo hakuwa na kitu kingine cha kujivunia. Akaweka kikombe chini.

— Ananiambia siku ya kwanza: "Kaka, mimi nina picha ya bega lako, lakini picha inanionyesha mtaa tu. Nyumba unaijua wewe. Nitatembeza hiki kichwa cha mashine. Nikifika penyewe, pale panapouma kuliko kote, uniambie. Usione haya." Anawasha. Tata-tata-tata-tata, kama mtu anagonga mlango kwa haraka. Anaanzia nyuma. Anakuja juu. Halafu akaja mbele, hapa. Jamani! Niliona nyota, na jua lilikuwa linawaka.

— Ukafanya nini?

— Ananiuliza: "Vipi hapa?" Nikamjibu: "Nipo!"

Wembe na Spana wakachekelea. Walilijua jibu hilo. Lilikuwa jibu la wapaka rangi wa juu tangu enzi za fundi mkuu aliyemfundisha Dari. Fundi yule alikuwa akisimama chini ya jukwaa, kila baada ya muda anapaza sauti, "Mpo?" na walio juu wanajibu, "Tupo!" bila kuacha kupaka. Aliyejibu kwamba mkono umechoka, aliyejibu kwamba shingo inauma, aliambiwa ashuke, na kwa fundi yule aliyeshuka hakupanda tena. Dari alijifunza kujibu "Nipo" akiwa na homa. Alijibu "Nipo" siku aliyoambiwa amefiwa na baba, akamaliza chumba, ndipo akashuka.

— Kila akipita pale, "Vipi hapa?" Nipo! "Na hapa?" Nipo! Hata jasho sikutoa. Akasema, "Kaka, una bega gumu," akaendelea mbele.

— Na mimi ndiye niliyekutayarisha, Wembe akakumbusha. Nilikwambia. Binamu yake mama yangu alilia mbele ya mashine kama hiyo, wakaandika pale pale: huyu ni wa kisu. Ukisema panauma, unajiandikia kisu mwenyewe.

— Sote tulimwambia, akasema Spana. Tusigombanie.

— Na mimi nilimwambia, akasema Shangazi. Nilimpa na kitambaa cha kung'ata.

Basi wakamshauri kwa pamoja. Spana akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Dari akamjibu koleo likivunjika linanunuliwa lingine dukani, bega linauzwa duka gani? Wembe akasema amwambie msimamizi ndiyo, aseme ndiyo kubwa, maana bandu bandu huisha gogo, na gogo hilo mara tatu limeshabanduliwa, lililobaki ni kungoja lianguke. Shangazi akasema amwambie ndiyo kwa sababu mtu akisema hapana mara moja, mdomo unazoea. Dari akatoa simu mfukoni, akaiweka kwenye benchi, akaitazama. Saa tano kasorobo.

— Nitamwambia ndiyo, akasema. Wiki ya nane inakuja kabla ya ya kumi. Amesema inaweza kuwa ya nane.

Rangi ilimrudia usoni. Hata aliketi vizuri zaidi.

Wakati huo ndipo akaja mtu anayekokota baiskeli yenye kreti mbili za mikate, gurudumu la nyuma limelala chini kabisa. Hawakumjua. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na aliwaamkia kuanzia kwa Shangazi kushuka chini, mmoja mmoja, kama inavyotakiwa.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba. Karibu ukae, fundi atakuona. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Wakacheka. Mgeni akacheka nao kwa adabu bila kujua anachekea nini, akapewa kikombe, akakaa mwisho wa benchi karibu na Dari, akiwa mwangalifu asimguse, maana alivyomwona tu alijua upande ule una mgonjwa. Spana akalifungua gurudumu, akatoa mpira, akaujaza upepo, akaanza kuuzungusha ndani ya beseni la maji, akitafuta.

— Kaka ameumia nini? mgeni akauliza.

Wakamweleza. Wakamweleza wote kwa mara moja: chokaa, kwapa, beringi, makapi ya foleni, umeme mchovu, goti la Shangazi. Wembe akamsimulia tata-tata-tata, akaigiza dada wa viungo kwa sauti nyembamba, "Vipi hapa?" kisha akaigiza Dari, kifua mbele, "Nipo!" Mgeni alisikiliza kwa makini, macho yake yakienda kwa Wembe na kurudi kwenye beseni. Aliinua kikombe, hakunywa.

— Pole sana, kaka, akasema mwishowe. Samahani, mimi sijui mambo ya mashine, nauliza tu. Yule dada alisema umwonyeshe pale panapouma. Na wewe hukumwonyesha.

— Sikumwonyesha, akasema Dari.

— Sasa hayo mawimbi yote, mara tatu, aliyapiga wapi?

Spana aliacha kuzungusha mpira. Wembe akafungua mdomo, kama kawaida yake, akaufunga, akaanza kuhesabu misumari ya benchi. Shangazi akachukua kitambaa, akafuta mdomo wa birika uliokuwa safi.

Dari alikuwa ameshaanza kupaona. Alimwona dada akipitisha kichwa cha mashine pale mbele, akiuliza, akijibiwa, akisogea. Alimwona akirudi nyuma ya bega, juu ya ule mfupa mpana, akitulia hapo, akigonga. Hapo nyuma palikuwa hapaumi. Palikuwa panagongwa tu, kama unavyosikia mlango wa jirani ukigongwa nawe uko kitandani. Mapigo elfu mbili kila mara; dada alikuwa akimsomea namba kwenye kioo cha mashine ili kumtia moyo. Alirudi nyumbani mara zote tatu akitembea wima, akajisifu kwa mke wake kwamba hata haikuuma. Mke wake alimwuliza, "Haikuuma kabisa?" akamjibu, "Kabisa," na yule mama akaendelea kumfunga vifungo vya shati bila neno.

— Labda yalienea, akasema Spana polepole. Mawimbi ni kama... yanaenea.

Akaurudisha mpira majini.

— Mimi nilisema asilie, akasema Wembe. Kulia ni jambo moja. Sikusema asionyeshe.

— Ulisema akisema panauma anaandikiwa kisu, akasema Shangazi. Nilikuwa hapa hapa.

— Na wewe ulimpa kitambaa ang'ate!

— Nilimpa. Shangazi akakaa kwenye kigoda chake ghafla. Nilimpa, Mungu anisamehe.

— Mkimbilie, Dari. Spana akasimama, mikono inachuruzika maji. Chukua baiskeli yoyote hapa. Waambie wafungue kamba, mwambie dada ukweli, mara moja tu, dakika kumi.

— Gari limeondoka, akasema Dari. Nililisindikiza kwa macho hadi likakata kona. Nikalipungia mkono.

— Mkono upi? Wembe akauliza, kisha akajiuma ulimi.

Mgeni wa mikate alikuwa ameinamisha kichwa. Alianza kuomba radhi, akasema hakuwa na nia mbaya, kwamba mke wake humwambia kila siku aache maswali. Dari akamshika goti kwa mkono wa kushoto kumwambia hana kosa. Zile wiki sita, nane na kumi na mbili alizokuwa akizipanga vidoleni tangu asubuhi zilikuwa hazina tena kazi. Zingepita zote, moja baada ya nyingine, na pale mbele ya bega pasingejua kwamba kuna kitu kilikuwa kinangojwa.

Simu ikalia juu ya benchi.

Wote wakaitazama. Ililia, ikatetemeka, ikasogea yenyewe kuelekea ukingoni. Dari akaibonyeza ikae sauti ya nje, kwa sababu mkono aliokuwa nao ulikuwa mmoja, na alikuwa anauhitaji.

— Dari! sauti ya msimamizi ikajaa kijiweni. Naona saa zinakwenda, ndugu yangu. Nikuandike?

Wembe akamwashiria kwa kichwa akubali, kisha akaacha, akatazama viatu vyake.

Kidole cha mkono wa kushoto kikapanda begani. Hakikupapasa, hakikutafuta. Kilikwenda moja kwa moja mbele, chini kidogo ya ncha ya mfupa, kikatulia hapo.

— Mwandike mwingine, bosi.

— Kwani vipi? Si ulisema unatibiwa?

— Bega linauma.

Msimamizi alikuwa amefanya kazi na Dari miaka tisa na hakuwahi kusikia neno hilo kutoka kwake.

— Linauma sana?

— Sana.

— Tangu lini, Dari?

Dari akapabonyeza pale kidole kilipotulia. Uso ukamkunjamana mbele ya watu wote, machozi yakamtoka, na hakuuficha.

— Tangu mwaka juzi, bosi. Ni hapa mbele, chini kidogo ya mfupa, akamweleza, akizidi kupabonyeza, kana kwamba mtu wa upande wa pili wa simu angeweza kupaona.